Maumivu Katika Daftari la Mlipaji

Ugonjwa usioonekana kwenye eksirei wala kwenye kipimo cha damu huwa na historia ya namna yake: madaktari hubishana kama upo, na wakati wanabishana, kuna anayelipa. Fibromialjia ni ugonjwa wa aina hiyo. Mgonjwa huumwa mwili mzima kwa miezi na miaka, hulala asipumzike, huamka amechoka na kichwa kizito. Lakini misuli yake ikichunguzwa haina kidonda, na viungo vyake havijavimba. Utafiti uliofanywa mjini Wichita, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995, ulikadiria kwamba takriban asilimia 2 ya watu wazima wanaugua ugonjwa huu, wengi wao wanawake. Tiba ipi inafaa ni swali la waganga tangu zamani. Tiba ipi inastahili gharama yake ni swali la walipaji, na hoja ya makala haya ni kwamba majibu ya swali hili la pili ndiyo yaliyoamua, mara nyingi kuliko sayansi yenyewe, tiba zipi zidumu na zipi zife. Katika kila enzi programu ya tiba ilionekana nafuu au ghali kutegemea gharama zilizoingia katika daftari la aliyekuwa akilipa, na muda ambao daftari hilo lilibaki wazi.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1904 tabibu wa London, Sir William Gowers, alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno na kuyapa maumivu ya misuli ya aina hiyo jina la fibrositi, akiamini kwamba nyuzi zinazoishikilia misuli zimepata uvimbe. Mwaka huohuo Ralph Stockman wa Glasgow alidai kuuona uvimbe huo kwa hadubini. Waliochunguza baada yake hawakuuona, lakini jina lilishika, kwa kuwa lilikuwa na kazi ya kufanya. Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 iliwaingiza mamilioni ya wafanyakazi katika mfuko wa lazima. Mfanyakazi akiugua, chama cha bima kilichoidhinishwa na serikali kilimpa posho ya ugonjwa kila wiki, na karani wa chama alihitaji cheti chenye jina la ugonjwa. Wizara ya Afya ilipochapisha ripoti yake kuhusu magonjwa ya baridi yabisi mwaka 1924, kilichoshtua wasomaji ni wiki za kazi zilizopotea, kwa mamilioni, pamoja na posho zilizolipwa kwa ajili yake. Mwaka 1930 Chama cha Msalaba Mwekundu kilifungua kliniki ya baridi yabisi huko Peto Place, London, ambako wafanyakazi walitibiwa kwa joto, maji, umeme, kukandwa na mazoezi bila kulazwa. Mwaka huo hakuna aliyekuwa na ushahidi madhubuti kwamba tiba hizo zinaponya. Hata hivyo ziliwaingia akilini watunza fedha, kwa sababu hao waliokuwa wakihesabu ndio waliokuwa wakitoa posho. Mtu akirudi kiwandani wiki mbili mapema, akiba ilionekana katika kitabu kilekile.

Vita Kuu vya Pili vilibadilisha mlipaji, na hukumu ikabadilika. Jeshi halilipi posho tu, linapoteza askari. Askari wengi walilazwa kwa maumivu ya misuli yasiyoelezeka, na mwaka 1943 madaktari wa jeshi la Marekani Edward Boland na William Corr waliandika kuhusu baridi yabisi ya kisaikolojia, yaani maumivu ambayo chanzo chake kiko katika hali ya nafsi. Kwa jeshi lililohitaji kuamua upesi nani arudi kazini na nani aachishwe, maelezo hayo yalikuwa na manufaa ya kiutawala. Kwa wagonjwa yalizaa tuhuma iliyodumu kwa vizazi, kwamba anayeumwa bila dalili ya kuonekana ni mtegaji au ni dhaifu wa moyo. Ugonjwa ulirudi katika heshima ya kitabibu polepole. Mwaka 1976 jina la fibromialjia lilianza kuchukua nafasi ya fibrositi. Mwaka 1981 Muhammad Yunus na wenzake wa Illinois walilinganisha wagonjwa na watu wenye afya kwa utaratibu. Na mwaka 1990 Chuo cha Marekani cha Rumatolojia kikatoa vigezo rasmi. Daktari alibonyeza nukta 18 za mwili kwa kidole gumba, kwa nguvu ya takriban kilo 4, yaani hadi ukucha wake uanze kuwa mweupe. Nukta 11 zikiuma, na maumivu yakiwa yameenea mwilini kwa miezi mitatu au zaidi, ugonjwa ulitambuliwa. Vigezo hivyo viliandikwa kwa ajili ya utafiti, lakini makampuni ya bima na mahakama zilivipokea kwa mikono miwili: hatimaye palikuwa na namba.

Wakati jina likitafutwa, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kaskazini-magharibi ya Marekani. John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyejilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka, alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi wakati wa vita. Aliona wagonjwa wa maumivu sugu wakirushwa kutoka kwa bingwa mmoja hadi mwingine, kila mmoja akitibu kipande chake. Huko Tacoma, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle ambako alihamia mwaka 1960, aliwakusanya mabingwa wakae meza moja na mgonjwa mmoja. Mwanasaikolojia Wilbert Fordyce akaongeza jambo ambalo halikuwa limefikiriwa. Mgonjwa aliyelazwa kwa wiki kadhaa hakupewa dawa alipolalamika; alipewa kwa saa maalumu, ikiwa imechanganywa ndani ya sharubati yenye rangi na ladha kali, na kipimo cha dawa kilipunguzwa hatua kwa hatua ndani ya kikombe kilekile. Mazoezi nayo hayakukomea pale maumivu yalipoanza. Yaliwekewa idadi ya kufikiwa, ndogo mwanzoni, kisha ikaongezwa siku hadi siku, na muuguzi alielekeza sifa zake kwenye hatua zilizopigwa badala ya manung'uniko. Tiba hii haikuahidi kuondoa maumivu. Iliahidi kumrudishia mtu shughuli zake.

Programu kama hiyo ina gharama kubwa mwanzoni: vitanda, wauguzi, mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanasaikolojia, wiki nzimanzima. Mbona basi ilistawi? Sehemu ya jibu iko katika muundo wa fedha wa jimbo la Washington. Fidia ya wafanyakazi huko iko chini ya mfuko wa serikali ya jimbo, na mfuko huo hulipa matibabu pamoja na sehemu ya mshahara wa mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi. Hesabu zote mbili ziko katika daftari moja. Mlipaji wa namna hiyo anaweza kuvumilia gharama ya leo kwa sababu akiba ya kesho ni yake. Ushahidi nao ulikuja kumuunga mkono: mwaka 1992 Herta Flor, Thomas Fydrich na Dennis Turk walichambua tafiti 65 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 3,000 wa maumivu sugu, wakaona kwamba waliopitia programu za wataalamu wengi walikuwa na uwezekano mara mbili wa kurudi kazini kuliko waliotibiwa kwa njia moja au wasiotibiwa.

Ushahidi huo ulifika wakati mlipaji mwingine ameshika usukani. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa kasi zaidi miaka ya 1990, makampuni binafsi ya bima ya afya Marekani yaligeukia udhibiti wa gharama. Kampuni ya bima ya afya hailipi mshahara wa mgonjwa, na mgonjwa huyo pengine atabadilisha mwajiri na bima kabla ya miaka miwili kupita. Akiba ya kurudi kazini inamwendea mwingine. Makampuni yalianza kuivunja programu vipande vipande: tiba ya viungo kwa mkataba mmoja, mwanasaikolojia kwa mkataba mwingine, na wiki za pamoja zikafutwa. Idadi ya programu zilizokuwa na ithibati ya kitaifa ilishuka kutoka zaidi ya 200 mwaka 1998 hadi chini ya 100 mwaka 2005. Miaka hiyohiyo OxyContin, dawa ya jamii ya afyuni iliyoingia sokoni mwaka 1996, ilikuwa ikiandikwa kwa mamilioni. Vidonge vya mwezi mmoja vilikuwa rahisi kuliko wiki tatu za wataalamu, na daftari la bima ya afya halikuwa na safu ya uraibu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Gharama ya vifo na matibabu ya uraibu iliyofuata ililipwa na familia, na serikali za majimbo, na kwa kiasi kidogo sana na waliokuwa wamefanya hesabu ya mwanzo.

Kwa upande wa Ulaya kulikuwa na chombo kingine cha kuhesabia. Wachumi wa afya walitaka kulinganisha tiba zisizofanana, figo na moyo na maumivu, kwa kipimo kimoja. Walifikia kipimo cha mwaka wa maisha uliopimwa kwa ubora: mwaka mmoja wa afya kamili ni 1, kifo ni 0, na hali zilizo kati hupewa sehemu. Mwaka 1987 kundi la watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya liliundwa, likatunga dodoso fupi la mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. NICE, taasisi ya kutathmini tiba iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1999, ilizoea kwa miaka mingi kuona tiba inastahili kulipiwa ikiwa mwaka mmoja wa namna hiyo haugharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000. Sasa iliwezekana kuuliza kwa namba: programu ya fibromialjia ina thamani gani?

Majibu ya kwanza yaliwavunja moyo waliodhani kwamba zaidi ni bora. Mwaka 1996 Mariëlle Goossens na wenzake wa Uholanzi walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa. Moja lilipata elimu ya pamoja kuhusu ugonjwa na nafasi ya kujadiliana. Lingine lilipata elimu hiyo pamoja na mafunzo ya kisaikolojia ya kubadilisha fikra. Mafunzo ya nyongeza yaliongeza gharama, na ubora wa maisha haukupanda kuliko katika kundi la elimu peke yake. Tokeo hili halikupendwa, nalo ni la maana. Kama hoja ya programu za Seattle ingechukuliwa kuwa kila mtaalamu anayeongezwa analeta faida, basi Uholanzi ilikwisha kuikanusha. Kinachofanya kazi si lazima kiwe kile kilicho ghali ndani ya programu.

Mwaka 2008 Narcís Gusi na Pablo Tomas-Carus walichapisha hesabu ya programu nyepesi kabisa kutoka Extremadura, Hispania. Wanawake 33 wenye fibromialjia waligawanywa kwa kura: 17 waliingia bwawa la maji ya uvuguvugu, kina cha kiuno, saa moja kwa siku, mara tatu kwa wiki, kwa miezi minane, wakati 16 waliendelea na huduma ya kawaida. Kwa mfumo wa afya, kila mwaka wa afya kamili uliopatikana uligharimu takriban euro 3,900. Walipoongeza gharama za wagonjwa wenyewe, nauli na muda wao, namba ilipanda hadi takriban euro 7,900. Bado ni chini sana ya viwango ambavyo nchi za Ulaya huvikubali kwa dawa za magonjwa mengine. Ongezeko hilo lina somo linalorekebisha hoja yangu kidogo: kupanua daftari hakufanyi kila programu ionekane nafuu zaidi. Wakati mwingine kunafichua mzigo ambao mgonjwa alikuwa akiubeba kimyakimya.

Hesabu mbili nyingine zinafaa kuwekwa kando ya hiyo. Watafiti wa Uholanzi waliwapeleka wagonjwa Tunisia kwa wiki mbili na nusu za tiba ya maji ya bahari, mazoezi na elimu. Wagonjwa walirudi wakiwa na nafuu, lakini nafuu ilififia kadiri miezi ilivyopita, na ilipofika mwaka tofauti ilikuwa imetoweka. Gharama ya ziada ilikuwa takriban euro 1,300 kwa mgonjwa. Huko Hispania, Juan Luciano na wenzake mwaka 2014 waliwalinganisha wagonjwa 168 kwa miezi sita: wengine walipata tiba ya kisaikolojia inayolenga fikra na mwenendo kwa vikundi, wengine dawa zilizopendekezwa, pregabalini na duloksetini, na wengine huduma ya kawaida. Gharama ya jumla ilikuwa takriban euro 1,850 kwa waliopata tiba ya kisaikolojia, euro 3,660 kwa waliopewa dawa, na euro 3,120 kwa huduma ya kawaida. Inafaa kutazama namba ya mwisho. Kumwacha mgonjwa azunguke, apimwe tena, apewe rufaa tena, si bure. Ni programu pia, isiyo na jina wala mpangaji, na ilizidi kwa gharama programu iliyopangwa.

Dawa zenyewe zilipimwa kwa vigezo viwili tofauti kila upande wa Atlantiki. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pregabalini kwa fibromialjia mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008 na milnasiprani mwaka 2009. Wakala wa dawa wa Ulaya ulikataa kuidhinisha zote tatu kwa matumizi hayo kati ya mwaka 2008 na 2009, kwa maelezo kwamba faida yake ni ndogo na haijathibitishwa kwa muda mrefu. Shirikisho la Ulaya la rumatolojia, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, lilitoa pendekezo thabiti kwa jambo moja tu: mazoezi ya mwili. Mengine iliyoyapendekeza yalipata pendekezo dhaifu.

Kuna pingamizi tatu ambazo msomaji makini atakuwa amekwisha kuzifikiria. Ya kwanza ni kwamba tafiti hizi ni ndogo na fupi. Ni kweli. Wanawake 33 wa utafiti wa bwawa hawawezi kubeba sera ya taifa peke yao, na miezi sita si maisha. Lakini udhaifu wa ufupi unazigusa dawa vilevile, kwani majaribio yake mengi yalidumu kwa wiki au miezi michache. Tofauti ni kwamba bwawa likishindwa hasara yake ni nauli na muda, na dawa ikishindwa huenda mtu ameizoea. Ya pili ni kwamba bei hubadilika. Pregabalini ilipopoteza hataza na kuanza kutengenezwa na viwanda vingi, bei yake iliporomoka, kwa hiyo pengo lililoonekana Hispania lazima limepungua. Nakubali, na ndiyo maana hesabu ya gharama haipaswi kutumiwa kama hukumu ya milele. Hata hivyo NICE ilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya msingi, ambayo fibromialjia ni mojawapo, mwezi Aprili 2021, dawa za jamii ya pregabalini zilikataliwa hata kwa bei mpya, kwa kuwa hazikuonyesha faida ya kutosha na zina hatari ya utegemezi. Mazoezi, tiba ya kisaikolojia na baadhi ya dawa za sonona zilikubaliwa. Tiba ya sindano za Kichina ilikubaliwa pia kwa sharti la kihasibu: itolewe katika jamii badala ya hospitali kubwa, na mtaalamu wa ngazi isiyo ya juu, kwa muda usiozidi saa tano kwa kila mgonjwa. Ni nadra kuona daftari la mlipaji likiandikwa waziwazi hivyo ndani ya mwongozo wa kitabibu.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito. Wako wanaosema kwamba kulitaja jina la ugonjwa ndiko kunakozaa gharama. Nortin Hadler, mwanarumatolojia wa Marekani, alidai mwaka 1996 kwamba anayelazimika kuthibitisha kwamba yeye ni mgonjwa hawezi kupona. Lakini utafiti wa rekodi za madaktari wa familia Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba ziara na vipimo vilikuwa vikipanda kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na vilishuka baada ya kupewa jina. Baada ya miaka miwili hadi mitatu vilianza kupanda tena. Jina peke yake, kwa maneno mengine, lilinunua utulivu wa muda; halikuwa tiba. Wanaolaumu jina na wanaolitukuza wote wanalipatia uzito usiostahili, kwa kuwa jina lisilofuatwa na programu ya kuendelea halipunguzi gharama kwa kudumu. Hapo pia ndipo udhaifu wa dodoso la mambo matano unapojitokeza: halina swali hata moja kuhusu usingizi wala uchovu, mambo mawili yanayowatesa wagonjwa hawa karibu sawa na maumivu. Programu inayomrudishia mtu usingizi inaweza kupata alama ndogo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Namba za Hispania na Uholanzi haziwezi kuhamishwa Dar es Salaam au Nairobi kama zilivyo. Mshahara wa mtaalamu wa tiba ya viungo na bei ya kidonge havina uwiano uleule. Muundo wa hesabu, hata hivyo, unasafiri. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mfuko wa bima utalipia matibabu. Likizo ya ugonjwa inalipwa na mwajiri: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Anayefanya biashara ndogo au kilimo halipwi na yeyote. Hiyo ni picha ileile ya Marekani ya miaka ya 1990: anayelipia tiba si anayepata hasara ya siku zilizopotea. Mfuko ukiachwa uhesabu peke yake, utachagua vidonge na rufaa zisizoisha, nao utakuwa umehesabu sawasawa kwa mujibu wa daftari lake. Dawa ya tatizo hilo ni kuwaweka mezani pamoja mfuko wa bima, waajiri na wizara, kuanza na tiba za bei ndogo zenye ushahidi kama mazoezi ya vikundi na elimu, na kupima matokeo kwa mwaka mzima au zaidi, usingizi ukiwemo. Programu za gharama kubwa zisubiri mpaka zionyeshe zinaongeza nini juu ya hizo.